Kisigino kimepona kutembea, breki bado. Nirudi barabarani?

UtingoMstaafu:

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni dereva wa malori, leseni daraja E, mwaka wa 14 huu, njia yangu kubwa Dar–Tunduma. Sijawahi kupindua gari wala kugonga mtu. Nimeumia gari ikiwa imezimwa.

Ilikuwa Februari. Tumetoka Kurasini na mbolea ya mifuko, tunakaribia mizani ya Makambako mvua inamwagika. Nikaona kwenye kioo turubai limefumuka upande mmoja, linapigapiga. Mbolea ikilowa inakatwa kwangu, kwa hiyo nikapaki pembeni. Utingo alikuwa na homa, kajikunyata kitandani nyuma ya viti, nikapanda mwenyewe. Ngazi hatuna. Unakanyaga tairi, unashika kamba, unajivuta. Nikiwa juu nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote ili nikaze fundo, ikakatika. Kwenda chini ni mita tatu na ushee. Nilitua kwa miguu kama paka, na bora ningetua kwa makalio, maana uzito wote uliishia kwenye kisigino cha kulia. Kilivunjika vipande.

Nimewekwa vyuma, wiki 12 sikukanyagia. Sasa natembea, nachechemea kidogo asubuhi tu. Daktari kaandika "kazi nyepesi miezi miwili". Nikapeleka karatasi ofisini. Msimamizi wa magari akaniangalia nilivyoingia getini, akasema: "Si unatembea? Huku kazi nyepesi hatuna. Usukani una pawa, unakaa tu. Jumatatu kuna mzigo wa Mbeya."

Sasa tatizo liko hivi. Kutembea natembea. Ila nikikandamiza kitu kwa mguu na kushikilia, kisigino kinaanza kuwaka, na baada ya muda mguu unajitoa wenyewe, bila ruhusa yangu. Kwenda, mlima Kitonga ni kupanda, sina wasiwasi. Kurudi na mbao za Mafinga nitakuwa nateremka, tani zote zinanisukuma mgongoni.

Upande wa pili ni njaa. Mkataba wangu unasema mshahara 450,000. Kinacholisha nyumba ni posho ya safari. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wananilipa asilimia 70 ya huo mshahara, na ada ya shule haijui habari za kisigino. Je, nirudi? Nikikataa nitaambiwa nimegoma?

SpanaKumi:

Pole mkuu. Ushauri wa bure: endesha. Mimi niliwahi kuendesha na mbavu zimepasuka kutoka Nakonde hadi Dar. Ukikataa kuna vijana 30 getini wanasubiri kiti chako. Meza dawa, teremka taratibu, Mungu yupo.

Mzee wa Mikese:

SpanaKumi, mbavu hazikanyagi breki.

Kijana, nimeacha usukani nikiwa na miaka 61, nikuulize jambo moja tu: ulishajaribu? Acha kujipima kwa kutembea. Nenda yadi, gari ikae sehemu tambarare, weka magogo matairi ya mbele na nyuma, washa mpaka upepo wa breki ujae kwenye mitungi. Kisha kaa kitini, kandamiza breki mpaka mwisho kama ng'ombe kaingia barabarani, hesabu kumi, achia. Rudia mara 20. Baada ya hapo shuka na kupanda kabini mara tano, na ushuke umeangalia gari, mkono umeshika chuma. Madereva wengi mnaruka kutoka kabini kama mnashuka kitandani, visigino vyenu vinaisha kabla ya meno. Halafu jipime kesho yake asubuhi, maana mguu ukiwa wa moto unadanganya.

Kuhusu Kitonga, unajua mwenyewe: gia nzito unaingiza juu kabla ya kuanza kushuka, breki ya injini inafanya kazi, mguu unasaidia tu. Lakini ukiwa na maumivu utafanya moja kati ya mawili. Ama utaegesha mguu juu ya pedali muda wote kwa kuogopa kuunyanyua, breki zinapata moto, moshi unatoka, hazishiki tena. Ama utapigapiga vidogovidogo kwa sababu huwezi kushikilia, na kila pigo linakula upepo. Nimeyaona yote mawili pale kwenye kona, na waliokuwa nyuma ya usukani walikuwa na miguu mizima.

Mama Fizio:

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wagonjwa wa visigino nawapata sana, mafundi ujenzi na wapanda minazi hasa. Picha ya X-ray kuonyesha mfupa umeunga ni jambo moja. Kifundo kukunja, kukandamiza na kuvumilia ni jambo jingine, na breki inataka yote matatu. Inataka pia kasi ya kuhamisha mguu kutoka mafuta kuja breki.

Niulize pia: unameza nini? Kama kuna tramadoli kwenye hizo dawa, hutakiwi kugusa usukani, inaleta usingizi na kizunguzungu. Na hiyo "meza dawa" ya SpanaKumi ni hatari mara mbili, kwa sababu dawa inaficha maumivu, haiongezi nguvu ya mguu.

Shida yako nyingine ni ile karatasi. "Kazi nyepesi" haimwambii mwajiri kitu. Kwake kukaa kwenye kiti ndiyo kazi nyepesi! Rudi kliniki, umweleze daktari kazi yako hatua kwa hatua: kukaa saa ngapi, kupanda kabini, kupanda juu ya mzigo, pedali ina uzito gani. Muombe aandike unachoweza na usichoweza. Mfano: anaweza kukaa na kusimama kwa kupokezana, anaweza kuandika na kukagua, asipande juu ya mzigo, asiendeshe gari kubwa mpaka tarehe fulani atakapopimwa tena.

UtingoMstaafu:

Mama Fizio, ni tramadoli kweli, usiku. Sikuwahi kumwambia daktari kuwa mimi ni dereva, na yeye hakuuliza. Ameandika "mwajiriwa" tu.

Mzee wa Mikese, nimefanya leo. Mlinzi alidhani nimerukwa na akili. Nilifika mara ya 11. Ya 12 mguu uliteleza pembeni ya pedali na sikuusikia, niliona tu mshale wa upepo umetulia wakati mimi najua nakandamiza.

KaratasiKwanza:

Hapo umeshajijibu kuhusu Jumatatu. Nimefanya kazi za utumishi miaka mingi, ngoja nikusaidie upande wa ofisi.

Kwanza, usikatae kwa mdomo. Ukisema "siendeshi" ukaondoka, kesho faili lako linasoma "alikaidi amri". Andika barua: nipo tayari kufanya kazi, daktari amenizuia kuendesha mpaka tarehe kadhaa, naomba nipangiwe kazi hizi. Ambatanisha karatasi mpya ya daktari, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuachisha, una siku 30 za kufungua shauri CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usikae unalia nyumbani mpaka zipite.

Pili, usiende mikono mitupu, nenda na kazi mkononi. Dereva wa miaka 14 ana mambo ya kufanya yadi: kukagua matairi na taa kabla gari haijatoka, kuangalia mzigo ulivyofungwa, kukaa kwenye kompyuta ya kufuatilia magari na kumpigia anayevuka 80, kufundisha matingo. Nyingi ya hizo hakuna anayezifanya vizuri.

Tatu, pesa. Mafao ya ulemavu wa muda yanaweza kwenda hadi miezi 24, kwa hiyo usikimbilie usukani. Kama hujalipwa sawasawa, nenda ofisi ya WCF ukaulize mwajiri alikuwa anawasilisha kipato gani kwa jina lako. Michango ile inatoka mfukoni kwa mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti. Ulizia na huduma za utengamao, yaani kusaidiwa kurudi kazini, zimo kwenye mafao, watu wanakumbuka matibabu na fidia tu.

Na wengine mnaosoma: mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali. Asipotoa, mfanyakazi unaweza kudai mwenyewe, lakini usivuke miezi 12.

SpanaKumi:

Haya nimenyamaza. Ila posho mtamlipa nyinyi?

KaratasiKwanza:

Hapana, na sitamdanganya. Posho itapotea.

UtingoMstaafu:

Wakuu, mrejesho, wiki tatu zimepita.

Daktari alinisikiliza vizuri nilipomchorea pedali kwenye karatasi yake. Kanibadilishia dawa, kaandika nusu ukurasa. Barua nilipeleka kwa mhasibu, maana msimamizi nilijua ataikalia. Jumatatu ile mzigo wa Mbeya ukaenda na dereva mwingine. Mimi nikakaa getini siku nne bila kuambiwa chochote, nahesabu magari. Siku ya tano mwenye kampuni mwenyewe akanikuta namrudisha kijana mmoja aliyefunga mzigo kwa kamba imechakaa kama ile yangu. Akaniuliza kamba hizi zinabadilishwa lini. Nikamwambia zikikatika.

Sasa nakagua mizigo na kamba, saa 12 asubuhi hadi saa 9. Nyumbani tumebana, mke wangu ameanza kukaanga samaki jioni pale kituoni na anaingiza kuliko nilivyotegemea, ila sijamwambia. Kipimo cha mguu ni mwezi ujao. Mzee wa Mikese, jana nimefika mara ya 16.

Ngazi zimenunuliwa mbili. Moja iko yadi, imefungwa kwa mnyororo. Nyingine matingo wanaanikia nguo.