Naomba ushauri: kilomita za baiskeli nazo nizihesabu?

Habari zenu wadau. Nimeanza safari ya kwenye ramani: nikitembea, naingiza umbali kwenye programu nayo inanisogeza kwenye njia ya Camino, ile njia ya kale ya mahujaji wa Kikristo, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port (Ufaransa) hadi Santiago de Compostela (Hispania), takriban kilomita 780. Kwa kilomita zangu 4 kwa siku, ni zaidi ya miezi sita (nilijua nitachoka, si hivi mapema).

Sasa siku za mvua napiga pedali ndani ya nyumba, dakika 40 tu inasoma kilomita 15! Nikiziingiza zote najiona mwizi, nikiziacha jasho limekwenda bure. Nimefikiria kuzigawa kwa tatu. Mnaotumia programu hizi, ninyi mnafanyaje? Na umbali wa kwenye simu ukipishana na wa mashine ya kukimbilia, niamini upi?