Samaki tewa anakaa pangoni, jua linamfikiaje?

BabaWatatu_Malindi: Hamjambo wadau. Mwanangu yuko gredi ya 6, kaja na swali eti aeleze vipi viumbe wote wanategemea jua. Miti naelewa, lakini kaniuliza tewa je, mbona anashinda ndani ya pango la mwamba na jua halioni, hapo nikakwama. Nisaidieni.

MtegaMalema: Shekhe angalia tewa anakula nini. Sie tukitega malema ya samaki tafi chambo chetu ni mwani, maana tafi ni mla majani kama mbuzi tu. Sasa mwani na nyasi za baharini ndio jiko lenyewe, zinachukua mwanga wa jua na maji na ile hewa ya kaboni dayoksaidi zinatengeneza sukari, ndo hiyo usanisinuru. Tafi anakula nyasi, tewa anachomoka anamdaka tafi anarudi gizani kwake, na jua limo tumboni.

BintiLamu: Umesema kweli kaka. Ila nguvu haipiti yote, kwa kadirio ni kama sehemu 1 kati ya 10 tu, nyingine mnyama anaichoma kwa kuogelea na kupumua inapotea kama joto. Kwa hivyo kilo 1000 za nyasi unapata kama kilo 100 za tafi na kilo 10 za tewa, ndo sababu tewa si wengi. Huku kwetu mikoko pia, jani likianguka kaa analivuta shimoni, linaoza, kamba wanakula. Mtu akikata mkoko anaona boriti tu, hiyo karamu yote haioni.

BabaWatatu_Malindi: Ahsanteni sana. Na kilindini kabisa?

MtegaMalema: Ukipita mita 200 hivi mwanga hautoshi tena kwa mimea, wengi huko chini wanakula mabaki yanayoshuka kutoka juu. Ila mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galapagos zilipatikana chemchemi za moto chini ya bahari, bakteria wa pale wanapika kwa kemikali za salfa bila mwanga, basi mwambie kijana aandike "karibu wote".

Kinachoniuma mie ni Sabaki. Mvua zikipiga bara mto unashusha matope mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa, mwanga haupenyi, nyasi zinadhoofika na matumbawe pia, maana yana mwani mdogo ndani ya miili yao unaoyalisha. Mpeleke ufukweni msimu ule ajionee.