Naomba ushauri: slaidi za kufundishia mtandaoni

Habari zenu wakuu. Nafundisha hisabati kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wengi wanaingia kwa simu. Natumia PowerPoint, nashea skrini kwenye Zoom.

Kinachonisumbua ni hatua za ukokotoaji. Nikitatua mlinganyo kama 3x + 7 = 22, nataka kila mstari utokee peke yake nikibofya: kwanza 3x = 15, halafu x = 5. Kwangu inakwenda vizuri, lakini kwa mwenye intaneti dhaifu picha inachelewa. Mimi nimeshafika kwenye jibu, yeye bado anaona swali. Nikiwatumia PDF kabla ya kipindi, ule utokeaji wa hatua kwa hatua unapotea na jibu linakaa wazi, basi hakuna anayehangaika kufikiri. (Hata mimi ningekuwa mwanafunzi nisingehangaika.)

Nimefikiria kugawa kila hatua iwe slaidi yake, ila faili linakuwa refu mno. Au nirekodi sauti juu ya slaidi, nihifadhi kama video ya MP4 waangalie kwa wakati wao, kipindi chenyewe kibaki cha maswali tu. Hapo naogopea bando lao.

Wenye uzoefu mnafanyaje? Na maandishi mnaweka saizi gani yasomeke kwenye simu? Mimi nipo kwenye 28, bado wanalalamika. Halafu kuandika kwa kalamu kwenye tableti kunasaidia kweli, au ni kujiongezea gharama?