Brekipointi zinageuka kijivu, dibaga ya C haishiki kabisa kwenye VS Code

mtoto_wa_pasua
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, nimeandika programu ya C ya kusoma mizani kwa waya wa siriali, kuna ushirika wa kahawa huku kwetu unataka kilo ziingie zenyewe kwenye kompyuta, karani asiandike kwa mkono maana akikosea tarakimu moja mkulima ndo anaumia. Inapiga kazi vizuri kama nusu saa halafu inajifunga, hakuna ujumbe wowote, dirisha linapotea tu. Nimejaza printf za kuchapisha hali kwenye skrini kila kona, sijaona kitu.

Nikasema basi niweke dibaga, ile ya kusimamisha programu katikati uone inafanya nini. Natumia edita ya VS Code kwenye Windows, kompaila ni gcc ya MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kodi) ile ya ucrt64, najenga kwa Makefile (faili la maagizo ya kujenga) niliyoitoa kwenye projekti nyingine. Brekipointi (alama za mstari ambapo programu isimame) zikiwekwa ni nyekundu, nikibonyeza F5 zinageuka duara tupu la kijivu na programu inapita kama hazipo. launch.json, faili la mipangilio ya dibaga, nimeigeuza geuza siku tatu. Msimu unakaribia, naombeni msaada.

fundi_sakina
Pole mdogo wangu. Hiyo launch.json iache kwanza. VS Code hapo ni mjumbe tu, anayeshika programu ni gdb, dibaga yenyewe, sasa wewe unagombana na mjumbe siku tatu. Muulize gdb mwenyewe. Fungua terminali ya UCRT64, ingia kwenye folda yako, andika

gdb build/mizani.exe

halafu soma anachosema kabla hujagusa kitu. Akisema "No debugging symbols found" basi hata ubadilishe edita kumi hali ni ile ile, kwa sababu gcc ikishageuza kodi yako kuwa ya mashine haikumbuki tena mstari wa 61 ulikuwa wapi, mpaka uiambie iweke hiyo ramani ndani kwa -g. Na weka -O0 (kodi isipanguliwe), kama una -O2 itoe kwa sasa. -O2 inapangua kodi ili iende mbio, unasimama mstari wa 40 ukisogea mbele unajikuta 52 halafu unarudi 41, ukiuliza kigeu kina nini unajibiwa <optimized out>, unaweza kudhani umerogwa.

Kama gdb haipo kabisa: pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gdb. Hiyo tu, usishushe toolchain nzima, bando litaisha bure.

kijana_njiro
Mi ningehamia WSL tu, ile Linux ndani ya Windows, Linux haina mambo haya

fundi_sakina
Kwa kazi nyingine sawa kaka, ila yeye ana mizani kwenye USB, na WSL2 haioni kifaa cha USB moja kwa moja mpaka ufunge programu ya usbipd. Na kompyuta ya karani ni Windows, kosa lifuatwe pale linapotokea.

mtoto_wa_pasua
Asante kaka. gdb ipo, na kweli imesema No debugging symbols found. Nimeweka -g -O0 kwenye CFLAGS (flagi za gcc ndani ya Makefile), nikaandika make, ikanijibu 'build/mizani.exe' is up to date. Nikafuta folda ya build nikajenga upya, bado No debugging symbols found!! Hapa ndo nimeishiwa.

dada_wa_kompaila
Hiyo up to date ni kawaida, make inaangalia tarehe za mafaili, ukibadilisha flagi peke yake yeye haoni kitu kipya, ulifanya vizuri kufuta. Sasa angalia mstari wa mwisho wa kuunganisha, LDFLAGS, kuna -s? Watu huiweka ili exe iwe ndogo. Kazi yake ni kufuta simboli zote, yaani ile ramani, kwa hiyo -g inaandika ramani huku, -s inaichoma kule mwishoni. Nilishapoteza wiki nzima kwa herufi hiyo moja kwa hiyo ndo kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye Makefile ya kuazima.

Simboli zikionekana ndo urudi VS Code. "type" iwe cppdbg, "MIMode" gdb, "miDebuggerPath" C:/msys64/ucrt64/bin/gdb.exe, tumia / hii ya mbele, ukitumia \ lazima uiandike mara mbili. Na "program" ioneshe exe ile ile uliyoijenga sasa hivi.

mtoto_wa_pasua
Dada Mungu akubariki, -s ilikuwepo!!! Na "program" nayo ilikuwa inaelekea mizani.exe ya zamani iliyobaki nje ya build, nimeifuta kabisa. Mara ya kwanza ikagoma kufungua COM3, mlango wa siriali wa mizani, kumbe programu nyingine ilikuwa imeishikilia, nikaifunga, nikaiacha ndani ya dibaga nikaenda kula. Narudi nakuta imesimama, SIGSEGV (imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), mstari wa 61, ndani ya soma_mizani. Pale natafuta "kg" kwa strstr, inanipa p, mahali "kg" ilipo, halafu naandika sifuri pale p inapoelekeza. Nimeuliza print p ikajibu 0x0. Nikauliza bafa, zinapowekwa herufi zinazosomwa, ndani kuna "  48.5" basi, kg haijafika.

dada_wa_kompaila
Umelipata. Siriali haikuahidi kukuletea mstari mzima kwa mkupuo, wakati mwingine inakupa nusu na nusu nyingine inakuja baadaye kidogo, kwa hiyo strstr inarudisha NULL (ndiyo hiyo 0x0, haikupata kitu) na wewe unaandika juu yake. Lakini usiishie kuweka if (p != NULL) peke yake nakuomba, utakuwa umeitupa ile nusu, na kilo za mtu zimekwenda nayo. Kusanya herufi kwenye bafa mpaka uone \n, alama ya mwisho wa mstari, hapo ndo uanze kuchambua, na uangalie bafa isijae kupita kipimo chake.

fundi_sakina
Naongezea, ukimpelekea karani exe ya -O2 sawa, ila jenga kwa -g -O2 uweke nakala yako yenye simboli, ya kwake ndo uipitishie strip, ile zana ya kufuta simboli. Siku ikianguka tena unakuwa na ramani.

mtoto_wa_pasua
Nimeandika upya soma_mizani, inasubiri \n. Iko hewani tangu saa nane mchana, sasa ni saa tatu usiku na bado inasoma.