Tabora: Chuo kimeondoa kozi ya aljebra, kisha kinatufelisha kalkulasi na kutuita wazembe

Wana jamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, lakini kila sentensi nimeipima kabla ya kuiweka hapa, kwa sababu jambo hili linawagusa vijana wengi wanaosomea ualimu wa hisabati katika chuo kimoja hapa Tabora, na litawagusa pia watoto ambao vijana hao watakabidhiwa baada ya miaka michache. Sitakitaja chuo kwa jina, wala sitamtaja mhadhiri yeyote, kwa kuwa bado niko mwaka wa pili na shahada yangu iko mikononi mwao.

Waliotutangulia walianza mwaka wa kwanza kwa kozi ya aljebra na trigonometria, ikachukua muhula mzima, na kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko na miteremko, ikafuata muhula wa pili. Sisi tulipofika tulikuta kozi ile imeondolewa kwenye ratiba, na hadi leo hakuna aliyetueleza ni kwa sababu gani. Kalkulasi ya kwanza ilisogezwa muhula wa kwanza, kalkulasi ya pili ikaletwa muhula wa pili, na mwaka wa pili tukapokelewa kwa mpigo na kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari na milinganyo ya diferensiali. Matokeo ya muhula wa kwanza yalipobandikwa, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, katika kalkulasi, na kiongozi wa idara alisimama mbele yetu akasema tatizo ni kwamba hatujitumi.

Naomba nieleze kwa mifano, maana najua wapo watakaosoma hapa na kusema kwamba hisabati ni ngumu, tuache kulialia. Chukua swali ambalo hutolewa karibu kila darasa la kalkulasi linapoanza: kutafuta mteremko wa mchoro wa 1/x kwa kuanzia kwenye maana yenyewe ya mteremko. Unachukua 1/(x+h), unatoa 1/x, kisha unagawanya kwa h. Wazo la kalkulasi katika swali hilo ni moja tu, nalo ni kuuliza jibu linakaribia nini pale h inapokaribia sifuri. Kazi nyingine yote ni aljebra: utafute asili moja ya sehemu mbili zenye herufi, utoe kwa uangalifu ili juu ibaki −h na chini ibaki x(x+h), ukate ile h ya juu na h uliyogawanya kwayo, ndipo upate −1/[x(x+h)], ambayo h ikikaribia sifuri inakuwa −1/x². Mwanafunzi anayekwama kwenye kutoa sehemu zenye herufi hafiki kabisa mahali ambapo kalkulasi inaanza. Anapewa sifuri, na karatasi yake inasema kwamba hajui kalkulasi, ilhali kalkulasi yenyewe hajawahi kuulizwa.

Hali ni hiyohiyo katika integrali, yaani kazi ya kinyume: kupewa mteremko na kutafuta mchoro uliouzaa. Ukipewa 1/(x²−1), hakuna kanuni itakayokusaidia mpaka uivunje katika sehemu mbili, yaani nusu ya 1/(x−1) ukitoa nusu ya 1/(x+1). Ukipewa sin²x, unahitaji kanuni ya pembe maradufu, ambayo ni trigonometria. Ukipewa 1/(x²+4x+13), ni lazima ukamilishe mraba wa asili, uandike (x+2)²+9, ndipo uone kwamba jibu liko kwenye kinyume cha tanjenti. Katika mifano hii yote, hatua ya kalkulasi ni mstari mmoja wa mwisho, na mistari inayotangulia ni ya kozi ile iliyoondolewa. Na msidhani kwamba mambo hayo huishia mwaka wa kwanza. Muhula huu tumefika kwenye milinganyo ya diferensiali, ambayo ndani yake mna kitu kisichojulikana pamoja na miteremko yake, tukapewa y″ + 4y′ + 13y = 0, na njia yake ni kutatua m² + 4m + 13 = 0, yaani kwadratiki yenye namba zilezile, ambayo majibu yake ni −2 + 3i na −2 − 3i. Asiyefahamu namba changamano, yaani zile zenye i ambayo mraba wake ni −1, hawezi kuona kwa nini suluhisho linakuwa e⁻²ˣ(A cos 3x + B sin 3x), hivyo anakariri umbo la jibu bila kujua limetoka wapi. Nimewaona wenzangu wakikariri kurasa nzima kwa namna hiyo, usiku kucha, na inauma, kwa sababu ni watu wenye akili timamu na bidii ya kweli.

Mwaka wa tatu tunasubiriwa na uchanganuzi wa namba halisi, ambako karibu kila uthibitisho ni kazi ya kupanga alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko mpaka kitu kiwe kidogo kadiri unavyotaka. Hiyo nayo ni aljebra, na safari hii hakuna hata kanuni ya kukariri.

Huku Tabora kila mtu anajua kwamba mche wa tumbaku hauondolewi kitaluni kabla mizizi haijashika, na aliyeuhamisha mapema hailaumu miche inaponyauka shambani. Idara yetu imetuhamisha mapema na inatulaumu.

Sasa nizungumzie kikomo, yaani lile wazo la jibu linakaribia nini, kwa sababu hapo ndipo ninapoudhika zaidi. Leibniz alichapisha kanuni zake za kalkulasi mwaka 1684, na Newton alikuwa amezifikia zake kabla ya hapo, lakini wote wawili walifanya kazi bila kuwa na maana iliyonyooka ya kikomo. Ilichukua zaidi ya miaka 130 mpaka Cauchy, katika kitabu chake cha mwaka 1821, akiweke kikomo kuwa msingi wa somo zima, na hata baada yake Weierstrass alilazimika kuyakaza maelezo hayo kwa alama tunazotumia leo. Wazo lililowasumbua wanahisabati wakubwa wa Ulaya kwa muda wote huo linastahili kupewa wiki kadhaa za darasa, maswali mengi, michoro mingi na nafasi ya mwanafunzi kukosea na kusahihishwa. Sisi tulipewa Jumamosi moja.

Nasema Jumamosi kwa sababu mhadhiri wa kalkulasi ya kwanza alikuwa wa muda, mwenye ajira yake mahali pengine, na vipindi vyote vya wiki vilikusanywa siku moja, asubuhi hadi jioni, katika ukumbi wenye watu zaidi ya mia mbili. Simlaumu yeye binafsi, kwa maana alikuwa anajua somo lake na alionekana kuchoka kama tulivyochoka sisi. Namlaumu aliyepanga. Hisabati haifundishwi kwa kupitisha kurasa kwenye projekta. Mwalimu huandika mstari, husimama, huuliza kwa nini, hufuta, huandika tena, na mwanafunzi huona fikra ikitembea. Kwetu uthibitisho mzima ulionekana ukutani kwa dakika mbili, ukapita, na umeme ulipokatika tuliambiwa tukanakilishe maelezo kwenye steshenari. Mfuatano na mfululizo wa namba, mada ambayo peke yake inaweza kujaza nusu muhula, haikufundishwa hata kidogo, lakini kwenye mtihani ililetewa swali la lazima.

Semina nazo zilikufa. Zamani darasa liligawanywa katika makundi madogo, kila kundi na mkufunzi msaidizi, na huko ndiko mtu alikoweza kusema waziwazi kwamba hajui kukata sehemu. Leo hakuna. Alama 40 za kazi za muhula hutokana na majaribio mawili ambayo karatasi zake haturudishiwi, kwa hiyo hatujui tumekosea wapi, na tunaingia kwenye mtihani wa alama 60 tukiwa na makosa yaleyale.

Nijibu hoja ninayoijua itakuja, kwamba aljebra ni ya sekondari na lawama zipelekwe huko. Ni kweli kwamba inafundishwa sekondari. Ni kweli pia, na chuo kinajua, kwamba katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022 waliofaulu hisabati nchini walikuwa takribani mmoja kati ya watano, na kwamba tunaoingia ualimu wa hisabati hatutoki mlango mmoja. Wapo waliosoma michepuo ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati), ambao kalkulasi walikutana nayo Kidato cha Tano na cha Sita. Wapo waliopitia stashahada, wakafanya kazi miaka mingi, kisha wakarudi kujiendeleza. Hisabati ya kawaida ya Kidato cha Nne haina kalkulasi ndani yake. Kozi ya aljebra na trigonometria ya muhula wa kwanza ilikuwapo ili watu hawa wote wafike mahali pamoja kabla ya kuanza safari. Chuo kimetupokea tukiwa hivyo, kimeangalia vyeti vyetu, kimechukua ada zetu. Hakiwezi kugeuka baadaye na kutuambia kwamba hatukupaswa kuwa tulivyo.

Kuna dada mmoja darasani kwetu ambaye alifundisha shule ya msingi huko Kaliua kabla ya kurudi masomoni, na ameacha watoto nyumbani ili asome. Sijawahi kumwona mtu anayemweleza mwenzake sehemu na asilimia kwa uvumilivu na uwazi kama yeye. Lakini logi na trigonometria alikuwa hajazigusa kwa miaka mingi, na katika vipindi vya mwanzo alinyanyua mkono akaomba hatua moja irudiwe. Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya sekondari na muda hautoshi. Hakuuliza tena. Alipata sapu, akaifeli, ikawa kari, yaani kozi ya kubebwa na kusomwa upya mwaka unaofuata, na kwa kuwa kozi hiyo inafundishwa mara moja tu kwa mwaka, sasa anaisoma upya pamoja na mwaka wa kwanza huku vipindi vyake vikigongana na vya aljebra ya mstari. Anaingia kimoja, anakosa kingine. Mtu kama huyu ndiye shule za Sikonge, Urambo na Uyui zinamhitaji, na mfumo wetu unamsukuma kuelekea kwenye disko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Mji huu ndiko Mwalimu Nyerere aliposoma sekondari na akarudi kufundisha baada ya Makerere. Watu wa hapa wanajua thamani ya ualimu, na ndiyo maana nashangaa kuona tunavyotayarishwa.

Ninachotaka si kupunguziwa mtihani wala kuongezewa alama. Nataka kozi ya aljebra na trigonometria irudishwe muhula wa kwanza, na kwa sisi ambao tumeshapita, chuo kiandae masomo ya ziada yanayotambulika kwenye ratiba, si ya hisani ya mwenzetu mmoja jioni. Nataka semina zirudi, karatasi za majaribio zirudishwe zikiwa zimesahihishwa, na kozi ambayo imefelisha watu wengi kiasi hiki ifundishwe katika mihula yote miwili ili mwenye kari asipoteze mwaka. Barua ya kuomba mambo haya tuliipeleka kupitia serikali ya wanafunzi, ikapokelewa kwa mhuri, na hatujajibiwa.

Kwa hiyo nawauliza wenye uzoefu humu, hasa waliowahi kukaa kwenye seneti au bodi ya taaluma ya chuo chochote: je, idara inaruhusiwa kuondoa kozi ya msingi katikati ya mtaala ulioidhinishwa bila kuwaarifu wanafunzi, na kama hairuhusiwi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu moja kwa moja na mwanafunzi, au ni lazima yapitie chuoni kwanza? Pia nawaomba waliosoma chuoni kwetu kabla ya mabadiliko haya watuwekee hapa muhtasari wa ile kozi ya zamani na mitihani yake, kwa sababu mitihani ya sapu iko karibu na tunataka kuanzia pale ambapo tulipaswa kuanzia.