Naomba ushauri: wanafunzi wangu wa chuo hawafungui mdomo

Habari zenu wanakikundi. Nafundisha Kiingereza chuo kikuu katika nchi ya ugenini, na lugha ya wenyeji naokoteza tu. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 60, viti vimefungwa sakafuni, na viwango vimechanganyika: wapo wa A2 (ngazi ya chini katika vipimo vya lugha vya Ulaya) wanaohangaika na wakati uliopita, wapo wa B2 (ngazi ya juu kiasi) wanaosoma riwaya. Kuandika wanaandika. Nikiuliza swali, wote wanainamia daftari; anayejua jibu anamnong'oneza jirani, na jirani naye kimya.

Nimewapanga wawiliwawili, lakini mara wanarudi kwenye lugha yao. Alama za kushiriki zimewanufaisha walewale wasemaji. Kuwaacha waandike jibu kwanza ndipo waseme kumesaidia kidogo, ila kipindi kinaisha sijafika safu ya tatu. Mtihani wa idara wenyewe ni wa maandishi mtupu, kwa hiyo siwalaumu sana.

Mliozoea madarasa makubwa, mnapimaje kuzungumza bila kumsikiliza kila mmoja kila wiki? Na lugha yao niiruhusu wakati wa kujiandaa, au nikaze Kiingereza tu? Natanguliza shukrani.