Matetemeko ya gesi Groningen: kifaa kipi kinapima vizuri mtikisiko wa nyumba?

Kijana_wa_Jiolojia
Wakuu, heshima kwenu. Naandika kazi ya chuo kuhusu Groningen, Uholanzi, kule ambako kuchimba gesi kumeshusha mgandamizo kwenye mwamba ulio kama kilomita 3 chini hadi mipasuko ya zamani ikaanza kuteleza. Kwenye vipimo ndiko nimekwama. KNMI, taasisi ya Uholanzi ya hali ya hewa na matetemeko, wana akselerometa za juu ya ardhi (zinapima mchapuko, yaani kasi ya ardhi inavyobadilika) na jiofoni ndani ya visima (zinapima kasi ya mtetemo). Kuna vifaa vinavyofungwa kwenye nyumba za watu. Halafu kuna programu za simu. Nikitaka kujua nyumba imetikiswa kiasi gani, nishike kipi?

Mawimbi
Cha juu ya ardhi. Jiofoni za visimani zimepangwa mita 50, 100, 150 na 200. Kule chini hakuna kelele za malori na upepo, kwa hiyo zinanasa hata vitetemeko ambavyo hakuna aliyevisikia, na kitovu unakipata vizuri. Ila hakuna anayeishi mita 200 chini. Udongo wa juu wa Groningen ni mfinyanzi na mboji, laini kabisa. Wimbi likifika hapo mwendo unapungua na kimo kinakua. Data ya kisimani itumie kuona udongo umekuza mtikisiko mara ngapi.

Mama Seismo
Naongezea: usilinganishe matetemeko kwa mchapuko peke yake. Huizinge, 16 Agosti 2012, ukubwa 3.6, mchapuko wa juu kama 0.085 g (g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia). Zeerijp, 8 Januari 2018, ukubwa 3.4, kama 0.11 g. Dogo limeandika namba kubwa!

Kijana_wa_Jiolojia
Hapo umenichanganya, mama.

Mama Seismo
Kwanza, baada ya Huizinge vituo viliongezwa sana, kwa hiyo mwaka 2018 uwezekano wa kuwa na kifaa karibu na kitovu ulikuwa mkubwa zaidi. Pili, kilele cha mchapuko kinapendelea mitetemo ya haraka. Chukua wimbi la 0.1 g: likitetema mara 5 kwa sekunde, kasi yake inafika kama sm 3 kwa sekunde, likitetema mara 20, haifiki hata sm 1. Mchapuko ni uleule, ila ukuta hausumbuki sawa. Ndiyo maana wanaoshughulika na nyufa hutazama kasi, kwa milimita kwa sekunde.

Fundi Ukuta
Mimi kazi yangu ni mitetemo ya majengo, si matetemeko. Kifaa cha nyumbani ni kizuri kikifungwa chini, kwenye ukuta imara karibu na msingi. Ukikiweka ghorofani unapima nyumba inavyoyumba yenyewe. Na mlango ukibamizwa, kinaandika! Tofauti utaiona ukilinganisha na majirani: mlango ni wa nyumba moja, tetemeko linaonekana kwa wote ndani ya sekunde chache.

Kijana_wa_Jiolojia
Na simu?

Mawimbi
Simu iliyo mfukoni inampima mwenye mfuko. Hata ikiwa mezani, kelele yake ya ndani inafunika matetemeko mengi ya Groningen, maana mengi ni madogo. Kwa kujua watu wangapi wametikiswa, sawa. Kwa kazi yako, hapana.

Fundi Ukuta
Jambo jingine, usiandike kwamba mwenye nyumba anahitaji kifaa ili athibitishe madai. Sheria ya kule inadhania kwamba uharibifu wa aina hiyo umeletwa na uchimbaji, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifaa kinasaidia, lakini mzigo wa kuthibitisha si wake.

Kijana_wa_Jiolojia
Nimewaelewa. Nachukua kasi kutoka vituo vya juu, visima kwa ajili ya udongo, vya nyumbani nalinganisha. Ila uzalishaji wa gesi ulisimama Oktoba 2023, data mpya bado inaingia?

Mama Seismo
Inaingia. Mgandamizo kule chini bado unajisawazisha, ardhi haijatulia. Kwenye jedwali lako weka safu ya umbali kutoka kituo hadi kitovu, bila hiyo namba za vituo viwili hazilinganishiki.